Haki Haihitaji Kipindi Chake

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la watoto wa miaka tisa na kumi, nikiwa na karatasi, kalamu na saa ya mkononi. Sikuwa mkaguzi. Nilikuwa mgeni tu, na mwalimu alinikubalia kwa sharti kwamba nisimwingilie. Kazi niliyojipa ilikuwa ndogo, hata inachekesha: kila akiuliza swali na kumtaja mtoto, mimi nihesabu amemngoja sekunde ngapi kabla ya kumwendea mwingine.

Mwalimu yule ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema, msije mkadhani nilikwenda kumvizia. Majina ya watoto wote anayajua, sauti hapandishi, na fimbo hana. "Saba mara nane?" aliuliza, na vidole vikapaa hewani, "Mimi, mwalimu! Mimi!" Akamtaja msichana wa dawati la mbele. Msichana akatazama dari, akauma mdomo, akajikuna sikio. Mwalimu akangoja huku akitabasamu. "Hamsini na sita." Makofi. Swali lililofuata, sita mara tisa, likamwangukia mvulana wa karibu na dirisha. Naye akatazama dari. Macho yake hayajashuka, mwalimu alishasema, "Haya, nani amsaidie mwenzake?"

Niliandika nne kwa yule wa kwanza na moja kwa yule wa pili. Kipindi kilipoisha karatasi ilikuwa imejaa, na haikuhitaji mtaalamu kuisoma. Waliokaa mbele na kusifika kuwa wepesi walipata sekunde tatu, nne. Wa dirishani na wa nyuma walipata moja, au hawakutajwa kabisa.

Si mwalimu yule peke yake. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi na kukuta kwamba kwa kawaida mwalimu humpa mtoto kama sekunde moja hivi ya kujibu, kisha hurudia swali au huhama. Walimu walipozoezwa kungoja angalau sekunde tatu, majibu yalirefuka, watoto wakaanza kutoa sababu, "sijui" zikapungua, na waliohesabiwa wazito wakaanza kunyoosha vidole. Lililonikaa mimi zaidi ni jingine. Rowe aliona kwamba walimu huwangoja kwa muda mrefu wale wanaowaona bora, na kwa muda mfupi wale wanaowaona dhaifu. Anayehitaji muda kidogo ndiye anayeongezewa.

Hakuna kanuni ya shule inayoagiza hivyo, wala mzazi aliyewahi kuliona jambo hilo kwenye ripoti ya mwisho wa muhula. Lakini mtoto wa dirishani hulisoma mara kadhaa kwa siku, na analielewa kuliko jedwali la saba: mawazo yake hayasubiriwi.

Siku hizi usawa na ujumuishi yamekuwa maneno ya ukutani. Shule hutenga siku ya watu wenye ulemavu, wiki ya tamaduni, kipindi cha stadi za maisha. Watoto huimba, huigiza, hupigwa picha. Kesho yake yule anayetumia kiti cha magurudumu amerudishwa pale mlangoni anapowekwa kila siku, eti ndiko anakopita kwa urahisi, na kila anayeingia humgonga kiwiko. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi mnyonge tunampa wimbo.

Wala hatuna uhaba wa matamko. Mkataba wa Haki za Mtoto ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, na ibara yake ya 29 inataka elimu imwandae mtoto kuishi katika jamii huru kwa moyo wa maelewano, amani, uvumilivu na usawa wa jinsia. Mwaka 1994, mjini Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo mahali pa watoto wote. Mwaka 2006 ukaja mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 24 inazungumzia elimu jumuishi. Pamoja na hayo yote, kwa mwaka 2018 UNESCO ilikadiria kuwa watoto na vijana milioni 258 hawakuwa shuleni. Hilo ndilo deni la kwanza na kubwa, na linastahili makala yake. Mimi leo nazungumzia walio ndani, ambao wamo na hawamo.

Hoja yangu ni kwamba haki haifundishwi kwa kuongezewa kipindi kwenye ratiba. Watoto huisoma katika namna siku inavyoendeshwa: nani anaulizwa, nani anangojwa, nani anabeba na nani anafagia, mifano ya hesabu inamhusu nani. Kama hayo hayajaguswa, somo la haki la Ijumaa huwafundisha kwamba watu wazima husema hili na kutenda lile.

Utaambiwa watoto ni wadogo mno kwa mambo haya. Ukikaa nao saa moja utaona neno "si haki" linavyotoka midomoni mwao mara nyingi kuliko "asante". Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto wa jamii saba: Kanada, India, Meksiko, Peru, Senegali, Uganda na Marekani. Watoto wawili walikaa wakitazamana, mmoja akiwa na uamuzi mikononi mwake. Akiukubali mgawo uliowekwa mbele yao, kila mmoja anachukua fungu lake. Akiukataa, wote wanakosa. Katika jamii zote saba watoto walifikia umri wa kukataa mgawo unaowapunja, hata kama kwa kufanya hivyo walipoteza kile kidogo walichotengewa. Lakini kuukataa mgawo unaowazidishia wao na kumpunja mwenzao kulijitokeza katika jamii tatu tu, Kanada, Marekani na Uganda, tena kwa watoto wakubwa zaidi.

Sisomi hapo kwamba jamii zile nne hazina utu. Kugawana kuna njia nyingi, na mchezo wa maabara hauwezi kuzibeba zote. Ninachosoma ni kwamba "nimeonewa" mtoto huja nayo mwenyewe, ilhali "nimezidishiwa" hutegemea malezi. Sasa tazama mafunzo yetu ya haki yanamlenga nani. Karibu yote yanazungumza na aliyepunjwa: jiamini, usikate tamaa, paza sauti. Yule msichana wa dawati la mbele, aliyengojwa sekunde nne, hakuna anayemwambia kitu. Naye hana kosa. Ila angeweza kufundishwa kuliona jambo hilo, na kwa umri wake angelielewa bila shida.

Rebecca Bigler na wenzake huko Marekani waliwahi kuwavalisha watoto wadogo fulana za rangi mbili. Hakuna rangi iliyosifiwa wala kupewa zaidi. Tofauti pekee ilikuwa kwamba katika baadhi ya madarasa walimu waliitumia rangi kuendesha siku: habari za asubuhi wekundu na wa buluu, panga mstari kwa rangi, bandika picha kwa rangi. Kwingine fulana zilivaliwa tu na mwalimu hakuzitaja. Baada ya wiki chache, upendeleo wa "sisi wa rangi yetu" ulijitokeza kwa nguvu zaidi pale mwalimu alipozitumia rangi kupanga watu. Watoto walijiambia wenyewe kwamba kama mwalimu anatutenga hivi kila saa, lazima kuna jambo.

Sasa badala ya fulana weka "wavulana mstari huu, wasichana mstari ule". Sentensi hiyo husemwa mara ngapi kwa siku? Na ile ya "wavulana wawili wenye nguvu waje wabebe meza"? Nimewahi kuisema mwenyewe, nikiwa mbele ya wasichana waliokuwa wamenizidi kimo. Mwalimu hakusudii kufundisha jinsia. Anataka mstari upangwe haraka, basi, ila kigezo alichokishika kwa sababu ya urahisi ndicho watoto wanachokigeuza kuwa ukweli wa dunia. Mstari unaweza kupangwa kwa mwezi wa kuzaliwa, kwa herufi ya mwisho ya jina, kwa wanaopenda hesabu na wanaopenda kuchora. Haigharimu kitu.

Kwamba dhana hizi za jinsia zinaanza mapema mno, ushahidi upo. Utafiti uliotoka mwaka 2017 uliwasimulia watoto habari za mtu mwenye akili nyingi sana, kisha wakaulizwa ni yupi kati ya watu walioonyeshwa kwenye picha. Wa miaka mitano, wasichana kwa wavulana, walichagua wa jinsia yao kwa kiwango kinachokaribiana. Kufikia miaka sita na saba, wasichana walikuwa wamepungua waliomchagua mwanamke, na hamu yao ya mchezo ulioelezwa kuwa ni wa "wenye akili sana" ilikuwa imeshuka. Wasichana haohao, walipoulizwa nani hupata alama nzuri shuleni, walijibu bila kusita kwamba ni wasichana. Alama wanazo, na wanajua wanazo. Kinachowapotea ni imani kwamba alama hizo ni ishara ya akili.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hujivuna kwamba lugha yetu haina shida hiyo. Yeye ni yeye. Hatuna kiwakilishi cha kiume na cha kike, na mtoto ni mtoto. Jaribu hili basi. Wasomee watoto sentensi moja, "Rubani alimwita muuguzi akamwuliza kama amechoka", kisha waambie wachore. Lugha haikutaja jinsia ya mtu yeyote, lakini ukikusanya karatasi, nadhani unajua zitakavyokuwa. Sarufi imeacha wazi, kalamu ya rangi imejaza. Na zoezi hilo ni la ufahamu, la sanaa na la haki kwa mpigo, bila kuibia ratiba hata dakika moja. Muulize mtoto, "Ni neno gani katika sentensi limekuambia rubani ni mwanamume?" Atatafuta, atatafuta tena, kisha ataanza kucheka.

Kwenye ulemavu, lugha yetu ina doa lake. Kipofu, kiziwi, kiwete: maneno hayo yamevaa ki- ileile ya kiti na kijiko. Sarufi yenyewe imejitahidi kurekebisha, maana tunasema kipofu amefika na si kimefika, lakini umbo limebaki, na wengi sasa husema asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Naunga mkono. Nina wasiwasi tu kwamba jina ndilo badiliko la bei rahisi kuliko yote, na baada ya kulifanya tunajipongeza na kwenda nyumbani.

Kisa cha Louis Braille kinaeleza vizuri zaidi. Alikuwa mwanafunzi katika taasisi ya vijana wasioona mjini Paris. Vitabu vya shule hiyo vilichapwa kwa herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, vikubwa na vizito, na mtoto alipapasa herufi moja moja kwa taabu. Kuandika kwa mtindo huo mwenyewe hakuweza. Braille alichukua wazo la Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, la nukta zilizotunisha karatasi, akalipunguza kutoka nukta 12 hadi sita ili herufi nzima ienee chini ya ncha moja ya kidole. Ilikuwa mwaka 1824, naye ana miaka 15. Kwa mara ya kwanza mtoto asiyeona aliweza kusoma kwa kasi na pia kujiandikia.

Ungetarajia shule ishangilie. Uongozi ulikuja kuyapiga marufuku maandishi hayo katika miaka ya 1840, na wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Braille alifariki mwaka 1852. Shule ilikuja kuyakubali rasmi mwaka 1854. Sababu moja kubwa ya ukaidi huo ni nyepesi kuielewa: herufi zilizoinuliwa mwalimu anayeona aliweza kuzisoma bila kujifunza kitu kipya, na nukta hakuweza. Chombo cha mtoto kilipimwa kwa raha ya mtu mzima.

Kipimo hicho bado kinatumika. Mwalimu anayeeleza somo huku ameupa ubao uso anamnyima anayesoma midomo. Mkasi ni mfano ninaoupenda kwa sababu ni mdogo. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Mpe mtoto wa namna hiyo mkasi wa kawaida, na kidole gumba chake kitakuwa kinazitenganisha zile kingo mbili badala ya kuzibana. Karatasi inakunjika na kuchanika vibaya, na mstari anaopaswa kuufuata umefunikwa na chuma. Atajaribu mara tatu, kisha ataambiwa hana mikono ya kazi. Tatizo lilikuwa kwenye mkasi, lakini mtoto ndiye anayekwenda nalo nyumbani.

Lugha ya nyumbani nayo ina mkasi wake. Huko Wales katika karne ya 19, mtoto aliyekamatwa akisema Kiwelshi shuleni alivishwa kipande cha ubao shingoni, akikivaa mpaka amnase mwenzake anayesema lugha hiyo na kumrithisha. Aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Wasomaji wengi wa Afrika hawahitaji kuelezwa, maana vipande vya namna hiyo vimezunguka shingoni mwao pia. Wengi huulaani ubao huo kwa sababu ulidhoofisha lugha. Mimi naona ulifanya na jingine baya sawa na hilo: uliwafanya watoto kuwa wapelelezi wa watoto wenzao, na ukaita hivyo nidhamu.

Nifike kwenye jambo ambalo wenzangu wengi hatukubaliani. Wapo wanaoamini kwamba mtoto akionjeshwa ubaguzi ataukataa maisha yake yote. Mfano wao mkubwa ni Jane Elliott, mwalimu wa mji mdogo wa Iowa, Marekani. Siku moja baada ya Martin Luther King kuuawa, Aprili 1968, aliligawa darasa lake kwa rangi ya macho, akaliambia kundi moja kwamba wao ni bora, akawapa upendeleo, kisha baadaye akageuza. Watoto walibadilika ndani ya saa chache, wakaoneana kikatili. Inasisimua kuisoma, na ujasiri wake siubezi. Lakini singependa mwanangu afanyiwe. Mtoto anayebaguliwa kila siku hahitaji maonyesho, anayaishi. Na yule asiyebaguliwa hujifunza, pamoja na mengine, kwamba mwalimu anayemwamini anaweza kumdhalilisha kwa nia njema.

Ninachokipendelea ni kazi ya Elliot Aronson, ambayo haina msisimko hata kidogo. Mwaka 1971 shule za Austin, Texas, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weusi, Weupe na wenye asili ya Meksiko, na madarasa yalikuwa ya chuki. Aronson na wanafunzi wake hawakuhubiri. Waliona kwamba darasa lenyewe lilikuwa mashindano ya kumpendeza mwalimu, ambamo kukosea kwako ni nafasi yangu. Wakaubadilisha muundo. Watoto waliwekwa katika vikundi vya watano au sita, na somo likakatwa vipande, kila mtoto na kipande ambacho wenzake hawana. Somo mojawapo lilikuwa maisha ya Joseph Pulitzer, mwenye magazeti maarufu wa Marekani. Katika kikundi kimoja, kama Aronson alivyosimulia, alikuwamo mvulana ambaye lugha ya kwao ilikuwa Kihispania. Zamu yake ilipofika alikwama, akajiumauma, wenzake wakamcheka. Msimamizi hakuwakaripia. Aliwakumbusha tu kwamba kucheka hakutawapa sehemu ya Pulitzer aliyoishika yule, na mtihani unakuja. Ikachukua siku kadhaa, lakini walijifunza kumwuliza maswali mazuri, ya kumtolea maneno aliyokuwa nayo tayari. Wakagundua kwamba hakuwa mjinga kama walivyodhani.

Angalia kilichowasukuma. Haikuwa huruma, walikuwa wanamhitaji. Huruma ina ubaya wake, kwa sababu anayehurumiwa hubaki chini na anayehurumu hubaki juu, kisha wote wawili wanashukuru. Hata ile "nani amsaidie mwenzake?" kule darasani ilisikika kama wema, na kumbe ilikuwa kumnyang'anya mtoto swali lake mbele ya watu. Ufini ilianza mwaka 1948 kuwapa watoto wote wa shule chakula cha mchana bila malipo, wa tajiri na wa maskini. Ungeweza kusema ni kumlisha asiyehitaji. Lakini pale ambapo wote wanakula, hakuna foleni ya wahisaniwa.

Hesabu nayo ina nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme uwanja wa kuchezea una urefu wa mita 40 na upana wa mita 30. Watoto wanapima, wanapata mita za mraba 1,200. Wakati wa mapumziko wanahesabu: watoto kumi wa mpira wamechukua mita za mraba 900, na kumi na wanane waliobaki, wa kamba, wa kukimbizana, wa kukaa wakizungumza, wamesukumwa kwenye 300. Kila mcheza mpira ana mita 90, kila mwingine ana 16 na ushee. Hapo una eneo, wastani, kugawa kwenye baki, asilimia na grafu, mambo yote ambayo mtihani unayataka. Una pia swali ambalo halina jibu nyuma ya kitabu. Je, sawa kwa sawa ni haki? Mpira unahitaji nafasi kweli. Wape zamu? Kwa siku au kwa nusu saa? Na wanaopenda mpira ila hawapewi pasi wamehesabiwa upande gani?

Hilo la mwisho si la mchezo. Vivian Paley, mwalimu wa watoto wadogo mjini Chicago, aliwahi kuweka kanuni moja darasani mwake: huruhusiwi kumwambia mwenzako kwamba haruhusiwi kucheza. Aliijadili na watoto kwa muda mrefu kabla ya kuianzisha. Waliolalamika zaidi walikuwa wale waliozoea kuwa mabawabu wa michezo. Naelewa, cheo ni kitamu hata ukiwa na miaka mitano.

Wapo watakaosema hii ni siasa darasani. Nami nakubali kwa sehemu, maana kugawana uwanja ni siasa, kama ambavyo kumwachia mwenye nguvu auchukue ni siasa. Nisichokubali ni mwalimu kuwapa watoto hitimisho lake mwenyewe. Akishawaambia jibu la uwanja ni hili, ameua hesabu na haki pamoja. Kwa watakaosema hakuna muda, nimeshajibu: sekunde tatu badala ya moja. Wazazi wasiopenda huwa wachache kuliko tunavyoogopeshwa, na wengi wao wana hofu moja ya msingi, kwamba mtoto wao ataonyeshwa kidole kwa kosa la kuzaliwa alivyo. Hofu hiyo ni halali, na mwalimu anayewapima watoto kwa wanachokifanya anaweza kuijibu.

Gharama halisi iko kwingine, na ndiyo sababu mabango yanapendwa zaidi. Ibara ya 12 ya ule mkataba wa 1989 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo kupewa uzito kulingana na umri na upevu wake. Ukiwafundisha watoto kuupima uwanja, siku moja watapima na jambo jingine. Watauliza kwa nini kiranja huchaguliwa na mwalimu. Wataona kwamba mtu mzima akichelewa husema "samahani kidogo" na mtoto akichelewa husimamishwa nje. Methali ya samaki mkunje angali mbichi tunaipenda sana katika malezi, kwa kuwa ndani yake anayekunjwa ni mmoja tu.

Niliirudia ile karatasi yangu baada ya kipindi, nikamwonyesha mwalimu. Nilisita kidogo, maana hakuna anayependa kuhesabiwa. Aliitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye safu ya dirishani, akasema, "Kumbe." Kisha akasema jambo la kweli kabisa: kumngoja mtoto aliyenyamaza, darasa zima likimtazama, kunamwumiza yeye mwalimu, ndiyo maana humwokoa haraka.

Wiki iliyofuata nilipita tena. Alikuwa amesimama mikono ikiwa nyuma, na kutoka pale nilipokaa pembeni niliviona vidole vyake vikikunjwa kimoja kimoja: moja, mbili, tatu. "Saba mara nane?" alimwuliza yule wa dirishani. Mtoto akatazama dari. Vidole vikafika vitatu, vikaanza upya. Mtu akakohoa nyuma.

"Hamsini na nne."

Wachache wakacheka. Mwalimu akauliza, "Umefikaje hapo?"

"Saba mara saba ni arobaini na saba. Nikaongeza saba."

Njia ilikuwa sahihi kabisa. Msichana wa dawati la mbele aligeuka, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ni arobaini na tisa. Mvulana alivihesabu tena vidole vyake chini ya dawati, akatikisa kichwa, na akaanza upya kuhesabu.